Kikwembe Alichokizika Safi

Safi anauza chumvi na sabuni hapa soko la Kamina, na meza yake inagusa yangu ya samaki wakavu. Watu wake walitoka Maniema wakifuata biashara, lakini yeye alizaliwa hapa, akazaa hapa, akamzika mume hapa. Kwa miaka minane pua yake ilinikera.

"Mama Kalunga, samaki yako inanuka dawa."

"Nusa chumvi yako, yaya," nilimjibu, maana kwetu yaya ni dada mkubwa.

Alisema kweli. Mzigo ukishuka kwenye treni ya Bukama umeingia wadudu, nilikuwa nikiunyunyizia dawa ya kunguni. Si mimi peke yangu. Dawa ile ni kama mafuta mepesi. Ukiitia majini, maji yanakuwa meupe kama maziwa, na jua likiipiga inapanda hewani huioni.

Siku moja ya kiangazi chupa ilinimwagikia mapajani. Mimi, mwerevu, nilinawa mikono tu, nikaendelea kuuza na kikwembe, kitenge changu cha kiunoni, kilicholowa. Kabla ya adhuhuri mate yalinichuruzika, jasho likanitoka, jua likawa giza machoni. Wenzangu wakaleta kikombe cha mawese ninywe, maana kwetu sumu hupozwa hivyo.

Safi alikimwaga chini. "Bamama, hakunywaka. Iko mu ngozi. Mumutoshe kikwembe."

Nikakishika kwa nguvu. "Mbele ya soko?"

"Weye unataka kuzikwa nacho?"

Akakivuta mwenyewe, wenzangu wakinizungushia vikwembe vyao. Alinimwagia ndoo baada ya ndoo, akanisugua kwa sabuni yake ya kuuza mpaka ikaisha, kisha akanipandisha pikipiki na kunishika kwa nyuma, chupa mkononi. Hospitalini daktari alisoma chupa, akanipiga sindano. Nilipozinduka alinionyesha Safi. "Huyu njo amekuponesha. Sindano ilimufuata yeye."

Nilimwuliza Safi alijulia wapi. Akasema mume wake alikuwa akipuliza dawa kama ile kwenye mashamba ya pamba. Jioni moja alirudi na shati limelowa, wakamnywesha mawese, shati wakamwachia mwilini.

Kikwembe changu alikizika mbali na kisima. Samaki niliwazika mwenyewe, mzigo mzima.

Wapo wanaonicheka bado kwamba Safi alinivua sokoni. Wacheke, ninawasikia kwa sababu ninaishi. Siku hizi ninatumia chumvi, moshi na jua. Na kila mzigo ukishuka ninampelekea Safi kwanza. Anainama, ananusa. Akinyamaza, ninauza.