Sare ya Jeshi Lisilokuwepo

Nimewahi kuvisha jeshi ambalo halipo. Vita vyake vinapiganwa miaka mia mbili kutoka sasa, katika Nairobi iliyokauka mpaka watu wamesahau mto ulipita wapi, na askari wake ni wanawake na wanaume wanaolala kambi moja, wanaokula sufuria moja, wanaokufa pamoja bila mtu kuuliza nani ni nani. Hivyo ndivyo mwongozaji wa filamu alivyonieleza, tukiwa ghorofa ya juu ya jengo moja katikati ya mji. Alitaka sare moja ya wote. "Si ya wanaume, si ya wanawake," alisema. "Ni ya askari." Nilikubali kabla hajamaliza chai yake. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa magauni ya wasimamizi wa harusi, na mtu akishona satini ya rangi ya pichi kwa muda mrefu anaweza kuichukia dunia.

Duka langu liko Kenyatta Market, kati ya saluni mbili, mahali ambapo moshi wa nyama choma huingia kwenye kila kitambaa. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa akishinda hapo siku ambazo hakuwa hospitalini. Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki alilala kando ya mashine imsafishe damu. Siku nyingine aliketi kwenye stuli ya wateja, akifumua mishono yangu mibaya na kunisema.

Kabla ya hapo alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi, wale wanaosindikiza magari ya pesa. Walivaa ovaroli ya kipande kimoja yenye zipu mbele. Juu ya ovaroli, fulana nzito ya kuzuia risasi. Juu ya fulana, mshipi wenye rungu na redio. Mwanaume akibanwa na haja ndogo alijificha nyuma ya gari, akashusha zipu, shida ikaisha. Yeye ilibidi avue mshipi, avue fulana, ashushe ovaroli yote mpaka magotini, na gari la pesa halimsubiri mtu. Kwa hiyo hakuwa akinywa maji. Alikula mkate mkavu asubuhi, akashinda na jua, akarudi jioni midomo imepasuka. Aliishi hivyo miaka. Mgongo ulipoanza kumuuma kwa sababu ya ile fulana iliyokatwa kwa kifua kisicho chake, akameza vidonge, na vidonge navyo vikafanya kazi yao. Hakuna risasi hata moja iliyompata.

Mama yetu hakujua hilo. Anaishi Kinoo, kwenye ploti ya vyumba vya kupangisha aliyoachiwa na baba. Daktari alipoeleza habari za maambukizi ya mara kwa mara, dawa za maumivu na mwili kukosa maji, mama alishika neno moja tu: maji. Kila mgeni aliyetoka kanisani kuja kumjulia hali mgonjwa alisimuliwa hayo hayo. "Huyu hajawahi kupenda maji. Tangu akiwa mdogo. Nimesema nikachoka, na sasa ona." Dada yangu alitazama ukuta. Kwetu mtu haongei na mama yake habari za kukojoa. Unaweza kumwambia umefukuzwa kazi. Unaweza hata kumwambia una mimba, ukijificha nyuma ya shangazi. Lakini hayo, hapana. Siku moja nilimwambia dada kwamba nitamweleza mama mwenyewe, kwa sababu yale masimulizi yalikuwa yananichoma roho.

"Ukimwambia," alinijibu, "mimi na wewe basi."

Basi nikanyamaza, nikashona.

Fundi wa Nairobi akiambiwa ashone sare ya wote, anafanya lile tulilofundishwa sisi sote. Anachukua karatasi ya kukatia ya mwanaume, anapunguza mabega, anatia lastiki kiunoni, anasema imetosha kila mtu. Hivyo ndivyo tunavyoshona ovaroli za viwandani na koti za maabara, na hakuna anayelalamika kwa sauti. Nami, mwanamke mzima, nikafanya hivyo hivyo. Nilitia mabega yenye pembe, kola ya kusimama na rangi ya jivu ili ionekane ya kesho. Nilijipenda sana siku hiyo. Dada yangu akaivaa, akasimama mbele ya kioo, akageuka mara moja.

"Hii ni ile yangu," alisema. "Umebadilisha rangi tu."

"Ebu angalia bega kwanza."

"Bega nifanyie nini? Sasa nikibanwa?"

 Akaivua, akanivalisha mimi. Akachukua pakiti za unga nilizokuwa nimenunua za kupeleka nyumbani, akanifunga kifuani na mgongoni kwa leso, akakaza mshipi juu yake, akaniwekea chupa kubwa ya maji mkononi. "Kunywa yote. Halafu simama hapo kwa mlango, na usitoke mpaka nikuambie."

Wanawake wa saluni walitoka na wateja wao, wengine nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Fundi ameenda jeshi!" mmoja akapiga kelele. "Fundi, tulindie hizo mbavu za mbuzi!" Nilicheka nao, nikapiga saluti, mpaka maji yalipofika yanapofikaga. Nikaomba ruhusa. Dada akatikisa kichwa. Nikaomba tena, safari hii bila kucheka, akaniachilia. Nilikimbia chooni nikaanza kupambana na mshipi, kisha fundo la leso, kisha zipu, na sikuwahi. Nilirudi dukani nimefunga sweta kiunoni, nimejawa na aibu na hasira, nikiwa na maneno tayari. Lakini dada yangu hakuwa akinitazama. Alikuwa ameinamia sakafu.

"Mimi ilinipata mbele ya benki," alisema. "Nimeshika rungu, watu wako kwa laini wananiangalia. Kutoka hiyo siku nikaachana na maji."

Alikuwa hajawahi kuniambia hilo. Niliketi chini na nguo yangu mbichi, nikalia, naye akaanza kufumua lastiki ya kiuno nikiwa bado nimeivaa ile sare.

Tulianza upya. Chini ya msamba, kutoka mbele hadi nyuma, tuliacha mshono wazi na kuufunika kwa kitambaa kisichozidi upana wa kiganja, chenye vishikizo viwili ubavuni. Mtu akichuchumaa anavifungua kwa mkono mmoja, havui mshipi, havui chochote. Tuliuita mlango. Kisha ubavu mzima, kutoka kifundo cha mkono, kupitia kwapani, hadi kifundo cha mguu, tukaufanya wa kufunguka kwa kamba. Kwanza niliuweka ili askari aliyejeruhiwa avuliwe bila kukatwa nguo. Baadaye ukawa na sababu nyingine. Siku moja kabla ya mashine dada yangu alikuwa amevimba miguu na tumbo, na siku iliyofuata amenywea kama nguo iliyokamuliwa. Nikimpima leo, kesho vipimo ni uongo. Ilibidi nishone sare inayoweza kufuata mwili usiotulia, na sare ya namna hiyo ikamtosha kila mtu sokoni niliyemjaribisha, mchoma nyama mwenye kitambi na msusi mwembamba aliyenyonyesha akiwa ameivaa. Nikisema ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya sijivuni. Niliifanya juu ya mtu aliyekuwa anakufa, na sote wawili tulijua.

Jumapili moja tulienda Kinoo, naye akaivaa chini ya koti. Baada ya chakula akalifungua koti mbele ya mama. "Mkinizika, mnizike na hii."

"Shindwe!" mama akasema. "Nani amezungumza habari ya kuzikwa hapa?" Akakusanya sahani zote, akaenda nazo mpaka mlango wa jikoni, kisha akageuka. "Na mwanamke wa nyumba hii hazikwi na suruali."

Tulipokuwa tukitoka dada alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Wewe ndio fundi," alisema. "Usiniache niende na gauni la lesi." Nilimwahidi. Mtu anaahidi tu.

Studio waliipokea sare kwa makofi. Mwongozaji aliulizia kila kamba, akasikiliza kwa makini, akasema hiyo ndiyo kesho aliyokuwa akiitafuta. Baada ya wiki kadhaa nikaalikwa kwenye machimbo ya zamani ya mawe walikokuwa wakipiga picha. Nilimwona askari wa kwanza mwanamke nikadhani nimekosea mahali. Walikuwa wamezishona kamba zake zikaze moja kwa moja, kiuno kimeminywa, kifua kimevutwa mbele. Mlango walikuwa wameupiga cherehani ukafungwa kabisa. Za wanaume ziliachwa kama nilivyozishona.

"Kwa kamera ilikuwa haitoki poa," mwongozaji alinieleza, kwa upole. "Watu wanataka kujua huyu ni dem."

"Na hapa chini mmefunga kwa nini?"

"Madam, kwa filamu nani hukojoa?"

Kila mtu alicheka, hata wale wanawake waliominywa. Mmoja wao alikuwa ameketi kivulini na chupa ya maji ambayo hajaifungua. Nilitaka kumpiga yule mwongozaji na kiatu. Badala yake niliingia kwenye hema la mavazi, nikaichukua ile sare ya dada yangu niliyowapa kama mfano, nikaiweka kwenye mkoba, nikaondoka bila kuaga.

Nilimsimulia dada yote.  "Kumbe hata miaka mia mbili haitoshi," alisema, akaomba kipande cha barafu anyonye. Siku hizo hata maji alikuwa amekatazwa, alipimiwa kwa kikombe. Mtu aliyekimbia maji maisha yake yote ya kazi alikuwa sasa akiyaota.

Alifariki asubuhi moja nyumbani kwangu Mountain View, tukisubiri teksi ya kumpeleka kwenye mashine. Nilikuwa nikimvalisha soksi. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia.

Gauni walilinunua mama na akina mama wa kanisa. Lilikuwa la rangi ya krimu, refu, na lesi shingoni na mikononi. Wakaniletea mimi nilipunguze, maana nani mwingine? Nikamkumbusha mama kile dada alichoomba. "Nilishasema," alinijibu, na chumba kizima cha wanawake wenye vitambaa vyeupe vya kichwa kikanitazama nikitia aibu msiba. Kwa hiyo nililipunguza. Nilishona kila mshono wa gauni lile nikilichukia, na nililishona vizuri. Sare niliitia ndani ya mkoba, chini kabisa. Sikuwa na mpango wowote, ila sikuweza kuiacha nyumbani.

Mochari tuliingia wawili, mimi na mama. Shangazi walikuwa wamemsihi abaki nje, akakataa. Mhudumu alikuwa mama wa makamo mwenye gambuti, mpole, wa maneno machache. Alilipokea gauni, akalilaza kifudifudi mezani, akachukua mkasi.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Tunakata mgongoni, mama. Mikono haikunjiki tena. Hata wengine tunawafanyia hivyo. Akishalala haionekani."

"Ukate mpaka wapi?"

"Mpaka chini."

Mama alilivuta gauni kutoka mezani, akalikumbatia. "Mtoto wangu hatasimama mbele ya Mungu mgongo wazi," alisema. Mhudumu akaweka mkasi chini, akasubiri. Ni wazi alikuwa amewasubiri wengi. Hakukuwa na njia nyingine, na mama alikuwa akiliona hilo, lile gauni bado kifuani.

Nilifungua mkoba. "Hii haikatwi, mama," nilisema. "Inafunguka ubavuni yote."

Alinitazama, na nilijua anaweza kunizaba kofi hapo hapo mbele ya marehemu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Gauni tutamtandikia juu. Watu wa kanisa waone."

Tulimvalisha. Mhudumu alimwinua kidogo, nguo ikapita chini yake, ikamfunika, hatukulazimisha mkono wala mguu. Mama alifunga kamba za upande wa kulia na mimi za kushoto.  Alikuwa amevimba tena, nikazilegeza, ikamkaa sawa. Mkono wa mama ukashuka ukikunjua mikunjo, mpaka ukafika kwenye vile vishikizo viwili.

"Na hii ni ya nini?"

Nilikuwa nimeapishwa kunyamaza na mtu aliyelala pale kati yetu.

"Ni ya kukojoa, mama. Ili askari asivue kila kitu."

Hilo neno halikuwahi kupita kati yangu na mama. Hakushtuka. "Ile ya kazini haikuwa nayo?"

"Haikuwa nayo."

"Ndio akawa hanywi maji."

"Ndiyo, mama."

Alikishika kile kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akakipima kama mtu anayenunua nguo sokoni. Alikaa nacho hivyo mpaka mhudumu akageukia dirishani.

"Kitambaa kidogo hivi," mama akasema. "Na mimi nilikuwa namgombeza yeye."