Nilifuga kopepodi Kanoni, ng'ombe akawawahi kabla ya samaki

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta nyumbani kwetu Kanoni, Karagwe, na sitaongeza chumvi. Iliyokuwemo ilitosha.

Nilisomea ufugaji wa viumbe wa majini. Nikahitimu, nikarudi kijijini, na badala ya kufuga sato kama mtu mwenye akili timamu, nikaweka sebuleni tenki la samaki wa bahari. Bahari yenyewe iko upande wa pili wa nchi. Msicheke kwanza.

Nina jozi ya samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Naamini kwa dhati kwamba awapendaye awazalishe, asiende kuwapora kwenye matumbawe ya baharini.

Basi wakataga.

Vifaranga wao ni wadogo kuliko punje ya ulezi, na chakula cha kopo hawakitambui. Wanataka kinachotembea. Ndipo wanapohitajika kopepodi, vijidudu vya majini mithili ya vumbi linalorukaruka.

Niliwafuga kwenye ndoo nyuma ya jiko: maji ya chumvi, mwani wa kijani wa kuwalisha, mpira wa pampu ya hewa, kitambaa juu. Siku mayai yalipoanguliwa, ndoo ilikuwa imejaa uhai. Nikatoka mara moja kukata ndizi, nirudi niwalishe vifaranga.

Niliporudi nilimkuta baba mdogo, amefika kutoka Kyerwa, ameketi kwa utulivu wa mtu aliyetenda wema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ng'ombe wenu aliyezaa nimeshamnywesha. Ile ndoo mliyomwandalia."

"Ndoo ipi, baba?"

"Ya chumvi na dawa ya majani. Nimeonja, mmekoleza kweli! Ila ule mpira nimeutoa, asije akaumeza."

Wakuu, kwetu ng'ombe aliyezaa hupewa maji ya chumvi, na mgeni anayemkumbuka ana adabu zake.

Nilimshukuru.

Kisha nikaikimbilia ndoo. Ng'ombe, kwa hisani yake, alikuwa ameacha mashapo. Nikaongeza maji ya tenki taratibu, nikamulika tochi. Vumbi likaruka!

Nikachuja kidogo kwa kitambaa, nikawapa vifaranga. Wengi walikufa kabla kopepodi hawajaongezeka tena. Wachache walivuka, na sasa wana mistari yao kamili.

Funzo: gawa mbegu ya kopepodi kwenye vyombo viwili, kimoja kikae ndani ya nyumba. Chuoni tulionywa kuhusu joto, uchafu na kiwango cha chumvi. Kuhusu ukarimu wa ndugu, hakuna mhadhiri aliyethubutu.

Jana baba mdogo kapiga simu. "Mwanangu, ile dawa yako ni kiboko, maziwa yameongezeka. Wa kwangu naye karibu anazaa. Nitengenezee ndoo."

Mliowahi kufuga kopepodi mbali na bahari, niambieni ndoo mnaificha wapi. Na mwenye jibu la kumpa baba mdogo bila kumvunjia heshima, tafadhali aanze yeye.