Miiba Iliyoanguka Yenyewe

Ungemkuta Nicanor Shitanda Jumapili asubuhi kando ya shamba, ungedhani amepoteza ufunguo wa nyumba. Shingo imeinama, mikono nyuma, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Watu wa Plateau, kijiji kilicho nje ya Eldoret, walimcheka mpaka wakachoka. "Mzee, hiyo sindano yako bado hujapata?" Naye angewajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, kisha akaendelea zake.

Alichotafuta ni miiba ya nungu. Nungu hula mahindi ya watu usiku, na akirudi msituni, akijipenyeza chini ya seng'enge, hupukutisha mwiba mmoja au miwili bila hata kujua. Nicanor alikuwa kibarua katika shamba hilo kwa miaka ishirini na sita, tangu alipotoka Malava na jembe na shati la kubadilisha, na njia za nungu alizijua vizuri kuliko njia ya kanisani. Ukiniuliza raha iko wapi, nitakwambia hivi: mtu anayeinama wiki nzima kwa ajili ya shamba la mwingine, Jumapili anataka kuinama kwa ajili yake mwenyewe. Unaona kitu cheusi na cheupe kwenye umande, moyo unaruka. Hakuna aliyekutuma, na hakuna msimamizi wa kukukagua.

Mwiba wa kwanza alimpa Nanzala kabla hajamwoa. Nanzala alikuwa msusi, na ncha ya mwiba wa nungu huchora mstari kichwani ulionyooka kuliko kitana chochote cha dukani. Lakini mama yake alimwachia sharti: kichwa cha mtu hakiguswi kwa mwiba wa mnyama aliyeuawa. Lazima uwe umeanguka wenyewe. Kwa hiyo kila mwiba alioletewa aliugeuza kwanza akaangalia shina. Ulioanguka, shina lake ni safi na limechongoka. Uliong'olewa hubaki na kipande cha ngozi. Wa ngozi aliutupa kichakani, hata uwe mrefu namna gani, akaenda kunawa mikono.

Baada ya kuoana wakawa wanatafuta pamoja, tena kwa kushindana. Nanzala alikuwa na jicho la mwewe. Karibu kila Jumapili alimshinda mumewe, na njia nzima ya kurudi alimkumbusha. Ile miiba mingine ilivunjika au akawagawia wasusi wenzake, lakini ule wa kwanza aliuchomeka kwenye kitambaa chake cha kichwa, ukakaa hapo mpaka ukang'aa kwa mafuta ya nywele.

Kisha mtoto wa jicho akaingia, macho yote mawili. Mwanzoni Nanzala alisuka kwa kupapasa. Mistari ikaanza kwenda upande. Wateja hawakumwambia kitu, maana wanawake wa Plateau wana adabu, ila mmoja baada ya mwingine wakahamia kwa msusi mwingine. Mwisho akabaki anakaa mlangoni, anasubiri sauti ya viatu vya mumewe.

"Baba Ashley, umepata ngapi leo?"

Angemwekea miiba mapajani, naye angepapasa shina la kila mmoja. "Huu umeanguka wenyewe. Na huu pia." Halafu siku moja akasema neno ambalo Nicanor hakulisahau. "Mimi sililii kazi. Nalilia ile Jumapili yetu. Nikiona tena, siku ya kwanza unanipeleka kwa seng'enge. Sitaki kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote."

Nicanor aliahidi. Kuahidi ni rahisi. Hospitali ya misheni ilikuwa tayari kumpasua, lakini upasuaji una gharama, na mshahara wa kibarua unajulikana. Binti yao Ashley, aliyeolewa Moi's Bridge, alituma alichoweza, na alichoweza hakikufika nusu.

Hapo ndipo Gichuru alipokuja. Gichuru ana duka la mapambo mjini Eldoret na nyumba nzuri katika mtaa wa West Indies, na pua yake hunusa biashara kutoka mbali. Alisikia habari za mzee anayeokota miiba, akaja mwenyewe.

"Mzee, wewe unacheza na mali," alisema akiigeuzageuza. "Hii kitu watu wa Nairobi wanaweka kwa taa, wanaweka kwa vioo. Niletee gunia."

"Gunia? Naokota mitano, sita kwa wiki."

"Basi acha kuokota. Nungu moja iko na mamia. Na usiongee sana huko nje, serikali haipendi hii maneno."

Nicanor alirudi nyumbani akiwa amekasirika. Kesho yake hasira ilipungua. Siku ya tatu alimsikia Nanzala akijigonga kwenye kizingiti na kucheka ili asimtie wasiwasi, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza. Watu wanasema tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi nakataa kuiita tamaa. Lakini nungu hakuulizwa tunaiitaje.

Nicanor alijua shimo la nungu. Lilikuwa chini ya mwamba, mpakani mwa shamba na msitu, lenye midomo miwili, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwonyesha mtu. Msimamizi alimpa ruhusa kabla hajamaliza kuomba. Nungu ni wezi wa mahindi, nani atawalilia? Basi Jumanne saa nane mchana, wakati nungu wamelala, Nicanor aliwasha magunzi yaliyokauka kwenye mdomo mmoja, akatupia pilipili, akasimama kwenye mdomo wa pili na rungu.

Walitoka watatu. Dume, jike, na mdogo ambaye miiba yake ilikuwa bado laini. Huyo mdogo hakuwa na faida yoyote kwa Gichuru. Nicanor alimpiga kwa sababu mkono ulikuwa umeshainuliwa. Halafu akakaa chini akalia, mwanamume wa miaka hamsini na minane, moshi ukimpa kisingizio.

Miiba aling'oa, akakwangua ngozi kwa kisu, mmoja mmoja, kwa siku tatu. Gunia likaenda kwa Gichuru, pesa zikaja. Nanzala aliambiwa kwamba shamba limemkopesha mfanyakazi wake wa siku nyingi, naye akaliombea lile shamba kanisani kwa sauti.

Jicho la kulia lilipasuliwa mwezi uliofuata, na likafunguka vizuri. Nanzala alimwangalia mumewe muda mrefu. "Umezeeka vibaya, Baba Ashley," akasema, wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Siku ya kwanza aliyoruhusiwa kutembea ilikuwa Jumapili. Hakutaka chai. Alitangulia mbele, akakataa kushikwa mkono, akafika kwenye seng'enge akainama. Walitembea kutoka mwamba hadi mto. Hakuna. Wakarudi. Hakuna hata wa ukubwa wa ukucha. Nicanor alitembea nyuma yake akiwa na miiba miwili mfukoni, iliyobaki chini ya gunia, ambayo alikuwa ameiosha tena asubuhi hiyo.

"Labda wamehama," Nanzala alisema, na sauti yake ilianza kupoa. "Ama ni mimi. Labda jicho bado."

Hilo la mwisho Nicanor hakuweza kulivumilia. Alimpita, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akaangusha mwiba mmoja kwenye nyasi.

"Huu hapa!" Nanzala aliruka kama msichana. "Nimekushinda! Umepita juu yake, mzee kipofu wewe!" Akauinua juu kwenye jua, mweusi na mweupe, mrefu kuliko kiganja. Kisha akaugeuza aangalie shina, kama alivyofundishwa na mama yake.

Akaangalia. Akausogeza karibu na lile jicho jipya, akapitisha kidole, akaangalia tena. Vijistari vya kukwanguliwa vilionekana wazi.

"Baba Ashley," akasema taratibu. "Huyu nungu alikuwa na kisu?"

Nicanor angeweza kudanganya. Alikuwa amezoea sasa.

"Walikuwa watatu," akasema. "Na mmoja alikuwa mdogo."

"Kwa sababu ya jicho?"

"Kwa sababu ya jicho."

Nicanor alitamani mkewe amtukane. Nanzala hakumtukana. Alipandisha mkono kichwani, akachomoa kwenye kitambaa ule mwiba wa kwanza, uliong'aa kwa mafuta ya miaka yote, akauweka kwenye kiganja cha mumewe pamoja na ule wa kisu.

"Kaa nayo yote," akasema. "Sitagusa kichwa cha mtu tena."

Akageuka akashika njia ya nyumbani. Mvua ilikuwa imechimba mashimo njiani, na aliyakwepa moja baada ya jingine, bila kushikwa mkono na mtu.