Kaka yangu aliyewatengenezea mamluki malori Kongo, na karatasi niliyoitia sahihi

Wakuu, poleni na shughuli.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na kitu, kwetu ni karibu na Kosele, Homa Bay. Mjukuu wangu ndiye amenifungulia akaunti na kunionyesha pa kubonyeza. Nimesoma ule uzi wenu kuhusu kampuni zinazochukua vijana wetu kwenda vita vya watu, na mmoja wenu akasema hayo ni mambo mapya ya siku hizi.

Si mapya. Nitawaeleza yaliyotupata miaka ya sitini, muda si mrefu baada ya uhuru. Sitatia chumvi. Hata bila chumvi hayamezeki.

Kaka yangu nitamwita Okoth. Alikuwa fundi wa malori Migori, fundi hasa, wa kusikia lori likipanda mlima akakwambia ugonjwa wake kabla halijafika. Mimi nilikuwa mwalimu wa primary. Chuo sikwenda, lakini nyumbani kwetu hakuna mwingine aliyejua Kiingereza, kwa hiyo nilijiona profesa.

Akaja Mzungu mmoja akapanga chumba nyuma ya duka Isebania. Jina lake la kweli hatukulijua, watu walimwita Bwana Kofia. Alikuwa anatafuta madereva na mafundi wa kwenda Kongo. Alisema ni kazi ya kampuni ya usafirishaji. Okoth alikuwa ameoa karibuni, mke wake Akeyo, na gereji ilikuwa imelala. Akaenda.

Barua yake ya kwanza ilituchanganya. Aliandika kwamba malori anayotengeneza hayabebi mizigo, yanabeba Wazungu wenye bunduki. Si jeshi la nchi yoyote. Wameajiriwa tu, kama yeye alivyoajiriwa. Nayakumbuka maneno yake: "Nimeuliza mkubwa wao ni nani, nikaambiwa kila mtu ana mkataba wake."

Chini zaidi akaandika kwamba waliingia kijiji fulani na malori yake, na walipotoka hakikuwa kijiji tena. Hakueleza. Alisema ameomba aachwe arudi nyumbani, na hajui amuombe nani.

Barua hiyo nilimsomea baba nusu. Ya kijiji niliiacha.

Miezi michache baadaye Bwana Kofia akaja nyumbani na Land Rover. Akavua ile kofia mbele ya mama, basi tukajua. Alisema lori la Okoth limelipuliwa njiani, mwili haukuweza kuletwa. Akatoa shati la Okoth kwenye mfuko. Akeyo alilitambua, vifungo alivishona mwenyewe. Lilikuwa safi, limekunjwa. Mimi niliona kwamba ni safi mno kwa shati la mtu aliyelipuliwa. Nikanyamaza, maana msiba ulikuwa umeshaanza na mama alikuwa chini.

Sasa kwa wasiotujua: sisi Wajaluo mtu wetu akipotelea ziwani au mbali na mwili usipatikane, hatumwachi hivi hivi. Tunachuma tunda la yago, refu, zito, lenye ganda gumu, tunalizika badala yake. Linapewa kaburi kamili na kuliliwa kamili. Baada ya hapo amezikwa, basi. Kanisa letu halikupenda sana, lakini mchungaji naye alikuwa mtoto wa hapo hapo, akatazama pembeni.

Bwana Kofia alipoelezwa hayo alisema atabaki mpaka mazishi yaishe. Tuliona ametuheshimu mno. Tulimpa kiti kizuri na samaki mkubwa kuliko wote. Akapiga picha ya kaburi, na picha ya baba na mama wamesimama kando yake.

Halafu akatoa karatasi mbili za Kiingereza. Alisema ni za kuthibitisha tu.

Baba akaniuliza, "Wuoda, mwanangu, hiyo karatasi inasema nini?"

Waombolezaji wote waligeuka kunitazama. Ukurasa wa kwanza niliuelewa: jina la Okoth, kazi yake, kwamba amefariki, kwamba familia imemzika. Ukurasa wa pili ulikuwa na Kiingereza cha mawakili, sentensi moja inajaza nusu ya karatasi. Nilisoma mara mbili, sikushika kitu. Ningesema wazi, "Baba, hapa sielewi, tumpelekee mtu." Lakini mwalimu mzima, mbele ya kijiji, na wengine watoto wao niliwafundisha mimi?

Nikasema, "Inasema tumemzika vizuri."

Baba akaweka dole gumba. Mimi nikatia sahihi kama shahidi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Baada ya muda wazee wakakaa kuhusu Akeyo. Mke wa marehemu hurithiwa na ndugu, na ndugu nilikuwa mimi. Sitajifanya nililazimishwa. Niliingia nyumba ya kaka yangu kama mila ilivyotaka, na moyoni nilikuwa radhi.

Akeyo alikuwa na mimba yangu ya miezi mitatu ilipofika barua nyingine, imechelewa sana njiani.

Ilitoka hospitali ya misheni huko Kongo. Mwandiko ni wa Okoth. Tarehe ni siku kumi na mbili baada ya sisi kumzika.

Mguu ulivunjwa na mlipuko, wenzake wakamshusha kwenye geti la hospitali wakaendelea na safari. Wauguzi waliwauliza waajiri wake nani atamchukua. Waajiri wakajibu kwamba mtu mwenye jina hilo amekufa, na familia imethibitisha kwa maandishi. Okoth aliandika, "Sijui nani kawaambia hivyo. Waambieni niko hai."

Wakuu, baba aliposikia hayo alicheka. Alicheka kwa furaha mpaka akakaa chini, maana hakuwa amejua bado maana yake. Mimi nilikuwa nimeshajua.

Tulikwenda Isebania, baba na mimi. Bwana Kofia alikuwepo, wala hakushtuka. Nilimwonyesha barua, nikamwambia atume neno kwa wenzake kwamba mtu wetu yu hai.

Akasema kwa Kiswahili chao kile, "Barua mtu yoyote naweza andika. Mimi iko na karatasi ya baba yake, iko na picha ya kaburi. Wewe mwalimu naweka sahihi. Sasa nani nadanganya, mimi ama wewe?"

Akatoa nakala, akaniwekea kidole kwenye ukurasa wa pili. Nilisoma polepole, bila watu wa kunitazama, na safari hii nikaelewa. Ilisema familia haitawauliza waajiri tena chochote kuhusu mtu huyo, leo wala baadaye, kwa namna yoyote.

Baba akaniuliza kwa Kijaluo amesema nini. Nikamwambia. Akageuka, akatoka nje. Kutoka pale hadi Migori, na kutoka Migori hadi nyumbani, alikaa mbali nami.

Tulifika kwa afisa mmoja wa serikali mjini Homa Bay. Mtu mwema, alitusikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama Okoth ni askari wa jeshi letu. Hapana. Wa jeshi la Kongo? Hapana. Je, ni mfanyakazi wa kampuni iliyoandikishwa hapa? Haikuwa imeandikishwa popote. Alishika kalamu muda mrefu, hakujua amwandikie nani. Mwishowe aliiandikia hiyo misheni, na misheni ndiyo iliyojibu.

Muuguzi mmoja aliandika kwamba vita vilikaribia, ikaja ndege ya waajiri kuchukua watu wao. Walikuwa na orodha. Jina la Okoth lilikuwemo kwenye orodha hiyo, limekatwa kwa mstari. Okoth aliwaita kutoka kwenye veranda kwa majina yao, maana alikuwa amewatengenezea magari wote. Ndege ikaondoka. Wauguzi wakakimbia kwa miguu na wagonjwa walioweza kutembea.

Yeye hakuweza kutembea. Hapo ndipo habari za kaka yangu zinapoishia.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kumtafuta baada ya ile barua yake. Nimekuwa na majibu mengi kwa miaka mingi: sikuwa na pasi, njia zilifungwa, ningekufa. Yote ni kweli. Lakini kulikuwa na Akeyo na tumbo lake, na kuna sehemu ya moyo wangu iliyoogopa Okoth arudi. Hili sijawahi kulisema kanisani, nalisema hapa.

Akeyo aliniuliza mara moja tu, alipokuwa amekaribia kujifungua. "Ule ukurasa wa pili uliusoma?" Nikamwambia niliusoma. Tuliishi pamoja mpaka alipofariki na hakuuliza tena, na hakuwahi kuniita kwa jina.

Wazee walikataa kufukua lile yago. Walisema sasa hatuna kingine cha kuzika.

Funzo? Vijana, mtu akija kuwachukua kwenda vita visivyo vyenu, msiulize mshahara kwanza. Ulizeni, nikiachwa barabarani, ni mlango gani mama yangu atagonga? Asipoonyesha mlango, msipande gari lake. Na wewe uliyesoma kidogo, ukiletewa karatasi usiyoielewa, sema huielewi. Aibu ya siku moja haijaua mtu.

Bwana Kofia aliondoka Isebania, hakuna aliyemhoji. Waliokuwa kwenye ndege walizeeka makwao. Ile nakala ninayo, aliniachia siku ile Isebania. Sahihi ya Kofia ni mkwaruzo tu, huwezi kusoma herufi hata moja. Dole gumba la baba limefifia. Jina moja tu linasomeka mpaka leo bila miwani, nalo ni langu.

Kama kwenu kuna aliyepelekwa Kongo miaka ile akiwa dereva, mpishi au fundi, andikeni hapa chini mlichowahi kusikia. Na wenye la kuniambia mimi, niambieni. Matusi pia nitasoma.