Ngoja, Nimebaki na Laifu Moja

Jirani yangu wa zamani amefariki. Binti yake alinipigia simu jana asubuhi, na kufikia alasiri tulikuwa tumeshamzika hapo Thika, maana Waislamu hawamcheleweshi maiti. Wasomaji wangu wa siku nyingi watanivumilia nikisema jambo lisilosemwa msibani. Niliposikia kwamba amekufa kitandani pake, mzee mwenye wajukuu, muda mfupi baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari, nilishusha pumzi. Nilimpenda, na nitamkosa. Lakini mwishoni mwa miaka ya tisini niliwahi kushinda asubuhi nzima nikiamini kwamba wakati wowote nitamwona akitolewa mtoni Chania, na tangu siku ile, kila mwaka aliouishi nimeuona kama nyongeza.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tulipanga ploti moja kule Kiganjo, hapo hapo Thika, mlango wangu ukitazamana na wao. Yeye alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma vitambaa katika kiwanda kimojawapo cha eneo la viwanda. Alikuwa mtu wa maneno machache na vicheko vingi, na alirudi jioni nyuzi za pamba zikiwa zimemnata kwenye nyusi kama mvi za kuazima. Kisha nguo za mitumba zikafurika sokoni, viwanda vya nguo vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, na zamu ya chao ikafika. Waliofika kumpa pole walimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naye akawaitikia kwa adabu. Mimi pia nilimwambia hivyo hivyo. Lakini kwake halikuwa koleo lililovunjika. Ulikuwa uhunzi wenyewe umefungiwa mlango. Vile vicheko vikakatika. Akawa anakaa kwenye kigoda nje ya mlango, akiangalia ukuta wa choo kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

Asubuhi moja alioga, akavaa shati lake la Idi na kofia yake, akavua saa ya mkononi na kuiweka mezani. Mkewe alikuwa anachemsha chai. "Hii mtunzie kijana," alimwambia, akatoka. Mkewe alidhani anakwenda kutafuta kibarua na hataki saa iharibike. Hakurudi jioni, wala usiku hakuonekana. Kulipokucha mama huyo alikuja mlangoni kwangu ameishika ile saa kwenye kiganja, na midomo yake ilikuwa mikavu kabisa. "Mwalimu, mtu akienda kutafuta kazi anaacha saa ya nini?" Nilivaa viatu bila kumtazama usoni, na nikaona kwamba hilo nalo ni jibu.

Simu za mkono hazikuwako kwa watu kama sisi, kwa hiyo tulitafuta kwa miguu. Tulianza kituo cha polisi, tukaenda hospitali, kisha bila yeyote kati yetu kutaja jina la mahali, tukajikuta tunashuka kuelekea mtoni. Tuliwauliza waliokuwa wakifua nguo na waliokuwa wakichota mchanga. Mkewe hakulia. Alitembea kando ya maji akiinua pindo la buibui, akichungulia kila kichaka, na kila alipokuta hakuna kitu alisema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu anayekunywa dawa chungu. Ilikuwa karibu saa sita tulipokutana na mwenzake wa kiwandani barabarani. Alishangaa tunamtafuta. "Si nilimwona jana Ruiru? Alikuwa ameingia kale kanyumba ka gemu, nyuma ya stendi. Nilidhani amefuata mtoto."

Nilizijua nyumba za gemu, na kama walimu wote sikuzipenda, maana ndizo zilizomeza wanafunzi wangu. Ile ya Ruiru ilikuwa chumba cha mabati, giza ndani, stima ikiunguruma, na mlangoni ameketi mama mnene anafuma sweta. Tulimuuliza kama amemwona mtu wa makamo, mwenye kofia nyeupe. Hakuinua macho kutoka kwenye sindano zake.

"Wa kofia? Ngai, huyo si ako hapa. Tangu nifungue anauawa tu."

Nilimdaka mkewe mkono. Mwenye nyumba alipoona nyuso zetu alitupa sweta chini. "Woi, mama, si hivyo! Kwa gemu! Anauawa kwa gemu!"

Jirani yangu alikuwa amesimama mbele ya mashine kubwa kama kabati, katikati ya vijana wenye sare za shule, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ukitwanga vifungo. Kwenye kioo, askari mdogo alikuwa akikimbia kutoka kushoto kwenda kulia huku dunia ikisogea nyuma yake. Kila hatua palitokea adui. Ilikuwa vita, na damu ilimwagika, siwezi kuitetea mbele ya wazazi. Lakini maadui wale walikuwa wamechorwa na mtu mwenye utani mwingi. Walikuwa vitumbo, macho yamewatoka. Wengine uliwakuta wanaanika soksi kwenye mtutu wa mzinga, na wakikuona wanapiga yowe jembamba, wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Kulikuwa na kifaru kilichohema kama mtu mnene anayepanda ngazi. Nao ulikuwa mchezo mgumu kupita kiasi. Punje moja ya risasi ikikugusa, umekwisha: uhai mmoja, laifu kama vijana walivyouita, umekatika, na unarudishwa nyuma uanze tena.

Mkewe alipasua kundi la vijana, akasimama nyuma yake. "Baba watoto," alisema, "tumekutafuta mtoni."

Nilimwona akishtuka, mabega yakapanda hadi masikioni. Lakini mkono haukuacha fimbo. "Ngoja, mama," alisema bila kugeuka. "Ngoja kidogo tu. Nimebaki na laifu moja."

Nilidhani mkewe atamtandika, na kweli mkoba wake uliinuka. Vijana wakainama kupisha. Lakini wakati huohuo kifaru kilitema moto, askari akasimama katikati ya njia, na yule mama, mkoba ukiwa bado hewani, akapiga kelele, "Ruka! Ruka, wewe, unangoja nini?" Askari akaruka. Moto ukapita chini ya nyayo zake. Chumba kizima kikashangilia, na mumewe akacheka kicheko kile cha zamani, tulichokuwa hatujakisikia tangu kiwanda kifungwe. Hapo ndipo mkewe alipolia. Alimshika shati kwa nyuma kwa mikono yote miwili, akaegemeza paji la uso mgongoni mwake, akalia mpaka askari akafa.

Tuliporudi Thika alitueleza. Alikuwa ameomba kazi kwenye shamba moja la kahawa akafukuzwa getini, na alipokuwa anapita nyuma ya stendi alisikia lile yowe jembamba la maadui wa gemu na vijana wakicheka. Aliingia kuona ni nini. Mashine ikamlia nauli, na usiku akalala msikitini kama msafiri. Asubuhi mwenye nyumba akamwachia acheze kwa sababu, alisema, hajawahi kuona mtu mzima anayekufa vibaya vile bila kukasirika. Kuhusu saa hakusema kitu, nasi hatukumuuliza. Baada ya miaka mingi alilitaja jambo hilo mwenyewe, tukinywa chai. "Mwalimu, siku ile sikuwa na mpango wa kufa. Lakini wa kurudi pia sikuwa nao." Akakoroga chai yake. "Unajua nilipenda nini kwa ile gemu? Nikifa pale, naona nimekosea wapi. Nimeruka mapema, ama nimechelewa. Kule kiwandani hatukukosea chochote. Mashine zilikuwa safi, kitambaa kilikuwa kizuri, na bado tukafungiwa. Mtu anaweza kuvumilia kupigwa. Kupigwa na usijue ngumi imetoka wapi, hiyo ndiyo inaua."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi katika kazi hii ya kuandika. Tulikuwa tukiwaambia watu wa kizazi chake kwamba kazi ngumu hulipa, na wao wakaifanya, kisha uamuzi uliofanywa mbali na wao ukawaacha wanatazama ukuta. Tulidhani wanahitaji kupumzika, au kuhurumiwa. Yeye alihitaji kitu kigumu chenye haki ndani yake, kinachomshinda kwa sababu anayoweza kuielewa, na kinachomruhusu ajaribu tena mbele ya watu wanaocheka pamoja naye. Alikipata kwenye mchezo wa vijana, wenye mabomu na vifaru vinavyohema. Mimi, mwenye vitabu, ningemtafutia mahali pengine na nisingekipata.

Aliendelea kwenda Ruiru kila Jumamosi, safari hizi mkewe akijua. Baada ya muda walianza kuuza mitumba kwenye kibanda huko Githurai, nguo zilezile zilizomfukuza kazini, naye alizigeuza mkononi akiwaonyesha wateja mfumo wa nyuzi kwa heshima, kama mtu anayemsifu mpinzani wake. Watoto walisoma kwa kibanda kile. Nyumba za gemu zilikuja kufungwa, vijana wakahamia kwenye kompyuta na baadaye kwenye simu, na hakuwahi kuumaliza ule mchezo. Nilimuuliza kama inamuuma. Alisema kuna ndege moja karibu na mwisho, ina meno, na hakuna binadamu anayeipita.

Jana, baada ya maziko, niliketi na mjane wake. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya pole, lakini alinitangulia. "Mwalimu, mimi nashukuru. Nimemfumba macho kwa mkono wangu mwenyewe." Tulikula tende pamoja, na ulikuwa msiba mwepesi kuliko yote niliyowahi kuhudhuria.

Basi ninalowaachia wasomaji ni hili. Wako wengi kati yenu wenye ndugu aliyeachishwa kazi, ambaye sasa anashinda kwenye jambo mnaloliona la kipuuzi: mchezo wa drafti chini ya mti wa barabarani, redio asiyoweza kuitengeneza, mchezo kwenye simu. Msikimbilie kumnyang'anya. Ketini karibu naye, muulizeni linachezwaje, mtazame kidogo. Huenda ni upuuzi kweli. Na huenda ndilo lililomshika mkono asubuhi hii, wakati sisi wengine tulikuwa bado tunatafuta methali ya kumpa.