Matofali ya Mama

Mama yangu aliuza nafaka katika soko la Pap Onditi, na mgeni yeyote alishangaa kumkuta nyuma ya magunia ya mahindi akicheza mchezo wa betri. Kidude chenyewe kilienea kiganjani. Kaka yangu alikileta aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, akawapa watoto wake, watoto wakakichoka, Mama akakichukua. Kilikuwa na mchezo mmoja tu: matofali ya maumbo mbalimbali yanaanguka kutoka juu, nawe unayageuza na kuyapanga mpaka mstari ujae, utoweke.

Kisha ugonjwa wa sukari ukaanza kumharibu macho. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, alihamia kwangu mtaani Migosi ili awe karibu na kliniki. Daktari alimweleza kwa upole kwamba mwanga uliokwisha kupotea hautarudi. Mama aliitikia, akafunga kitambaa chake upya, tukarudi nyumbani. Jioni nilimkuta dirishani, kidude amekisogeza karibu kiguse pua, akikiinamisha huku na huku kutafuta mwanga.

"Hizi matofali zimekuwa ukungu tu," alisema, bila kunigeukia.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini. Mwalimu mwenzangu aliwahi kunionyesha programu inayoifanya kompyuta ijifanye kidude kama kile cha Mama: mchezo uleule, ila picha imejaa skrini nzima. Nilipomweleza shida yangu, alininakilia programu na mchezo kwenye disketi.

"Lakini hiyo mashine yako ni mzee sana," alinionya. "Iendee pole pole."

Jumamosi hiyo nilimketisha Mama mbele ya kompyuta nikaanza. Mara ya kwanza programu ilikataa kabisa kufunguka, ikidai kumbukumbu haitoshi. Nikafunga kila kitu kingine kilichokuwa kikiendelea ndani ya mashine, nikajaribu tena. Picha ikatokea, ndogo kama stempu, katikati ya skrini nyeusi. Nilihangaika na menyu mpaka nikaipanua. Sauti ilikwaruza vibaya, nikaizima. Mwisho nikachagua vitufe vilivyoachana, nikavibandikia vipande vya plasta ili avitambue kwa kupapasa.

Mama akaweka vidole. Tofali la kwanza likashuka.

"Naiona," alisema kwa sauti ndogo. "Hii ni ile ya mraba, donge? Si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama. Ni ya mraba."

Ila mchezo ulikuwa ukijikokota, kila tofali likishuka kana kwamba linavutwa na kamba. Nikaona aibu. Nikarudi kwenye menyu, nikaamuru programu iruke baadhi ya picha, na mara mchezo ukapata kasi yake ya kawaida. Mama akashindwa. Akajaribu tena, matofali yakarundikana hadi juu kabla hajayatambua. Akaiweka mikono mapajani.

"Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, kama alivyoniita nilipokuwa mtoto, "rudisha ile uvivu yake."

Nikairudisha. Sasa alipata muda wa kulikodolea macho kila umbo, kuligeuza, kulisukuma mahali pake. Mstari wa kwanza ulipotoweka alicheka, akapiga meza kwa kiganja hadi kompyuta ikatikisika. Uzee wa mashine niliokuwa nikiuonea haya ndio uliompa nafasi ya kucheza.

Alicheza hivyo muda mrefu, hadi hata skrini ile kubwa ikamfifilia. Nilidhani angeniambia nifute programu. Badala yake alinisukumia kibodi, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Imekuja gani?"

"Ndefu. Imesimama."

"Shimo liko wapi?"

"Kulia kabisa, Mama."

"Sasa unangoja nini? Ipeleke!"