Gari Linalojizima

Unanijua, mimi sinunui kitu kwa bei ya kwanza. Gari hili, ambalo lilishuka melini likiwa na umri wa kupiga kura, nililibishania pale Chumbageni tangu adhuhuri hadi muuzaji akaomba maji ya kunywa. Sifa aliyoishikilia ni kwamba halili mafuta: ukisimama linajizima lenyewe, ukiachia breki linajiwasha. Nikamwambia hilo ni gari la mtu mvivu, anipunguzie. Akapunguza.

Kesho yake nikasimama barabarani kupisha wanafunzi. Injini ikazimika. Nikasikia kandambili za watoto, nikasikia kengele ya baiskeli, na mkono wangu ukakimbilia ufunguo.

Babu yangu alikuwa dereva wa teksi Ngamiani, na gari hili angelipenda kuliko alivyotupenda wajukuu. Yeye alikuwa akizima kwa mkono. Akisimama kunywa kahawa, amezima. Abiria akirudi ndani kufuata mwavuli, amezima. Keria ya juu aliing'oa kwa kuwa inashika upepo, na kwenye buti alibakiza spea na jeki tu. Ukija na gunia la machungwa, mnaongea kwanza. Asubuhi, uji ukiwa bado jikoni, nilimshikia mpira wa pampu akijaza matairi. Tairi legevu, alisema, ni sawa na kulivuta gari kwa kamba. Na nilipomuuliza mafuta yanakanyagwaje, akanijibu: kama unapita chumba alicholala mtoto mchanga.

Jirani yetu, naye mwenye teksi, alikuwa akimchokoza kutoka barazani kwake. "Mzee, hilo lako linakwenda kwa mate?"

"Lako linakula," babu anajibu bila kugeuka. "Langu linaonja."

Bibi alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anasikia, huku akigeuza mikate yake ya vibibi kwenye kikaango. Harufu ya tui na hiliki ilichanganyika na ya petroli kwenye shati la babu, na mpaka leo siwezi kuzitenganisha. Mimi bibi aliniita mke mwenzake. Tuligombania mume mmoja mwenye mashati mawili.

Kisha bibi akaugua, maumivu yakaingia kwenye mifupa. Hospitali walimpa dawa, halafu wakatuambia tumrudishe nyumbani, na kwa jinsi walivyolisema hilo babu hakuuliza swali la pili. Bibi alikuwa halali usiku wala mchana. Lakini siku ile tunarudi, kichwa chake mapajani mwangu, mtetemo wa gari ukambembeleza, akalala. Tulipofika mlangoni, babu, kwa mazoea yake, akazima.

Bibi akafumbua macho. "Usizime, bwana," akasema. "Likinyamaza, yanarudi."

Babu akawasha.

Tangu hapo, kila alasiri alirudi kazini mapema. Tulimlaza bibi siti ya nyuma na mto wake, madirisha yote wazi, gari limeegeshwa kwenye kivuli cha nyumba, injini inanguruma na hatuendi popote. Mafuta aliyoyabana asubuhi kwa abiria, babu aliyaunguza alasiri pale pale mlangoni, na wala hakuutazama mshale.

Siku ya kwanza jirani alitokeza barazani. "Mzee, umesahau ku..." Akaiona miguu ya bibi, akarudi ndani. Jioni alikuja na galoni la mafuta aliyoyanyonya kwenye teksi yake, akaliweka kando ya gurudumu.

"Lisionje leo," akasema. "Lile, lishibe." Akaenda zake.

Alasiri moja injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikazimika yenyewe. Tanki lilikuwa tupu. Mimi na babu tulibana pumzi tukingoja bibi afumbue macho. Nyumba ya pili mtu alikuwa anatwanga. Bibi hakufumbua. Nilifurahi, rafiki yangu. Nikanong'ona, "Babu, leo hakuamka."

Babu alinitazama kwenye kioo. Kisha akamtazama yeye. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ufunguo, akauzungusha, akauzungusha tena, na alijua vizuri kuwa hamna kitu.

Teksi iliuzwa. Babu akamfuata mkewe. Penye ile nyumba pana ghorofa la watu wengine, na chini yake duka la simu. Nimepita hapo mara nyingi, hakunukii chochote.

Fundi amenionyesha kitufe cha kulizuia gari lisijizime. Nakibonyeza kila asubuhi kabla ya kufunga mkanda. Fundi ananicheka, anasema mtu mbishi wa bei kama mimi anaunguza mafuta bure. Nimepiga hesabu mara mbili, na kweli naunguza.

Wanafunzi wanavuka. Gari linatetema. Nasubiri, mguu wangu mwepesi, kama kwamba nyuma kuna mtu amelala.